Taya Mgongoni kwa Mtani

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi mambo yalikuwa yale yale. Mihayo anavua shati, analitundika kwenye msumari, anajitupa kifudifudi kwenye kitanda cha kliniki ya meno pale Tabora, na kabla daktari hajavaa hata glovu, yeye keshaanza.

"Haya Dokta, lipime taya langu. Taratibu lakini, leo limeamka na hasira."

Na pale pembeni, kwenye kiti cha plastiki, Bi. Skolastika Luambano anaruka kama kaumwa na siafu.

Huyu mama alikuwa na miaka sitini na mbili, Mngoni wa Songea aliyefuata kazi Tabora akazeekea huko huko. Uso wake toka puani kushuka chini ulifungwa kitenge, kwa sababu chini ya hicho kitenge taya hakuna. Lilikuwepo zamani. Saratani ikaanza kulila kona moja, madaktari wakaona isiwe taabu, wakalikata toka sikio hadi sikio, wakapiga na mionzi, wakamwambia, mama, shukuru umepona. Kweli kapona. Lakini kupona bila taya, jamani, kuna shida zake. Kutafuna huwezi. Mate hayakai. Ulimi nao umekosa pa kulala, unahangaika tu mle ndani kama kuku aliyebomolewa banda.

Ndiyo maana alivaa kisemeo shingoni. Ni kijisanduku hivi, kidogo kama kiberiti, kinasikiliza koo linavyotetemeka, kinakisia unachotaka kusema, halafu kinakusemea. Kina sauti ya kijana mmoja msafi msafi wa redioni. Ubaya wake ni mmoja tu. Waliokitengeneza walikifundisha adabu, tusi hakitoi hata ukilie. Sasa mtu na mtani wake, bila matusi, wataongea nini?

Bi. Skolastika alikoroma kooni: wee mla michembe, mwizi mkubwa, nani kakupa taya langu?

Kisemeo kikasema: "Ndugu mpenzi wa viazi vikavu, naomba kukumbusha kwamba taya ni la kwangu."

Mihayo alicheka mpaka kitanda kikalia kwi kwi. "Mmesikia? Mngoni kajifunza heshima! Na nyie mlivyokimbia toka kusini mkasahau hata sufuria, leo mnasema 'naomba kukumbusha'!"

"Tulia, Mihayo," akasema Dokta Anyisile. Huyu alikuwa mama wa Kinyakyusa, mfupi, mwenye mikono midogo kama ya mtoto wa shule, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa inasifiwa kanda nzima kwa kujenga mataya. "Ukicheka picha inacheza."

Alipitisha kipimo mgongoni, na juu ya kitanda ikatokea picha ya mwanga, inaelea. Taya. Limejipinda kama kwato ya punda, limelala pembeni ya uti wa mgongo wa Mihayo chini ya nyama ile pana. Bi. Skolastika kila akiliona aliinuka bila kujijua. Miezi kumi alikuwa analiona likikua, na kila mwezi moyo unampiga vile vile.

Sasa mtu atauliza, taya la mama wa Kingoni limefikaje mgongoni kwa Mnyamwezi? Ngoja. Mfupa hauoti hewani, unataka nyama yenye damu nyingi. Wataalamu wanachukua picha zako za zamani, wanachapa kiunzi cha taya kwa unga wa mfupa, kina vitundu vitundu kama sega la asali. Ndani ya vile vitundu wanapanda seli mbegu zako mwenyewe, zilizochotwa nyongani kabla hujapigwa dawa kali. Halafu wanakifukia mgongoni, miezi kumi. Kikikomaa, wanakitoa na mshipa wake wa damu, wanakishona usoni. Meno yanapandwa baadaye, hiyo ni kazi ndogo.

Wengi wanaoteshewa mgongoni kwao wenyewe. Bi. Skolastika naye alioteshewa kwake mara ya kwanza, lakini mwili uliochoshwa na mionzi haukuweza. Kilichotoka kilivunjika mkononi kama chaki. Mbegu zikabaki za mara moja tu, na ukatakiwa mgongo wa mtu mwingine. Mtu wa hivyo sheria inamwita mpagazi.

Na sheria ile ilikuwa kali, ilikuwa na sababu. Mwanzoni watu waliwabebesha wakwe zao, wadogo zao, hata wadada wa kazi. Wengine wakawa wanauza migongo kama wanauza magunia. Serikali ikaja juu: hakuna kulipana, na hakuna ndugu wa damu wala wa ndoa. Sasa akabaki nani? Rafiki, rafiki mwenyewe mwezi mmoja kachoka. Wakabaki watani. Mngoni na Mnyamwezi wanazikana toka enzi, mtani anashuka mpaka kaburini anakuchekesha unalia, anakuja kwako anachukua jogoo na humwulizi. Mtu wa hivyo ukimwambia nibebee mfupa, anakutukana kwanza, halafu anavua shati.

"Babu zako," Bi. Skolastika alimwambia siku ile ya kwanza, na kisemeo kikamtafsiri vizuri tu, "walibeba pembe za tembo kwa miguu toka hapa mpaka pwani. Wewe nimekupa taya tupu, hata jino halina."

Basi Jumanne hiyo ya mwisho ya kupima, zimebaki siku saba taya litolewe, Dokta Anyisile hakuangalia picha sana. Alikuwa anaangalia kile kioo kidogo cha damu. Akakiangalia, akakifuta na mkono wa koti, akakiangalia tena.

"Mihayo. Mara ya mwisho kuumwa mifupa ilikuwa lini?"

Mihayo akainua uso toka kitandani.

"Mifupa gani, Dokta?"

"Yako."

Alikaa kitako, akachukua shati lake, akalifunga vifungo vyote kombo. "Tangu nimebeba huu mzigo," akasema, "sijaumwa."

*

Dokta aliwaita wote wawili ofisini, akafunga mlango, akazima feni ili wasikilizane. Joto likaingia. Bi. Skolastika aliona mambo mabaya yanakuja, maana daktari akizima feni Tabora, mwezi wa kumi, si bure.

"Mihayo ana selimundu," Dokta akasema. "Ya kuzaliwa nayo. Damu yake inapinda, inaziba mishipa, mifupa inauma kama inachomwa. Mtu kama huyu sheria hairuhusu abebe hata kipande cha ukucha. Angekufa mezani kwangu! Nataka kujua alipitaje."

"Nilisema," Mihayo akajibu.

"Ulimwambia nani?"

"Wote. Siku ya usaili. Mama huyu alikuwepo."

Na Bi. Skolastika akakumbuka.

Siku ile ya usaili walikuwa wameshavurugana na utani toka nje ya geti. Afisa upagazi kamwuliza Mihayo umri, kasema mia mbili na kitu, nilimbeba babu yake huyu mama akikimbia vita. Kamwuliza ana uhusiano gani na mwenye mfupa, kasema mume wake wa siri. Afisa anafuta machozi kwa kucheka. Kamwuliza, una ugonjwa wowote? Mihayo akasema: damu yangu mbovu tangu mtoto, imepinda kama mundu, naanguka mara nne kwa mwaka. Na aliyecheka kuliko wote pale ndani alikuwa Skolastika mwenyewe, kapiga na paja, kisemeo kikasema "ndugu yangu ni mcheshi sana", afisa akaandika: mzima.

"Na kadi ya kupimia damu?" Dokta akauliza.

"Wiki tatu kabla nilikuwa nimelazwa hospitali nyingine, nikaongezwa chupa nne. Kadi yenu ilisoma damu za watu." Mihayo aliangalia mikono yake. "Nilisema mara moja, wakacheka. Nikaona, basi, labda Mungu kanifutia. Sikurudia. Hapo nimekosa, sikatai."

Dokta akavuta kiti. "Sasa sikilizeni, nitaeleza polepole. Ndani ya mfupa kuna uboho. Uboho ndio kiwanda cha damu. Hili taya ni mfupa wa mama, kwa hiyo uboho wake ni wa mama, mzima. Kawaida uboho wa mfupa wa kupandwa unalala tu. Huu haukulala. Umeingia mshipani, unamwaga damu nzuri kwenye mwili wa Mihayo miezi saba sasa. Damu ya huyu bwana, zaidi ya nusu, ni ya mama Skolastika."

Siku nyingine yoyote Mihayo angesema kitu hapo. Angesema, ndiyo maana nimeanza kutamani panya kama Mngoni. Hakusema.

"Nikilitoa taya," Dokta akaendelea, "baada ya wiki sita, nane, anarudi kule kule. Pengine kubaya zaidi. Mwili ulioonja damu nzuri ukinyang'anywa ghafla, sijui utafanya nini. Hakuna aliyewahi kuona."

Kisemeo kikasema, na koo la mama linapanda na kushuka: "Apewe dawa ya kugeuza damu. Nimesikia ipo."

"Ipo. Orodha yake ni ya watoto chini ya miaka kumi. Huyu ana thelathini na nane."

"Uboho utolewe peke yake, abaki nao."

"Nyumba zote za mifupa yake zimejaa uboho wake mbovu. Mgeni hana pa kukaa zaidi ya hapo alipo."

"Basi likatwe. Nusu kwa nusu."

"Mshipa wake ni mmoja, mama. Unaingia kona moja, unatokea nyingine. Nikilikata, zinakufa nusu zote mbili."

"Nioteshewe lingine."

Dokta akakitazama kile kitenge. "Mbegu zako zimekwisha. Na uso wako unajifunga. Nyama za shavu zinavutwa ndani na makovu kila siku. Nina wiki mbili, labda. Baada ya hapo hata uniletee taya la dhahabu sitakuwa na pa kulishonea."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli, gurudumu linalia.

"Kisheria," Dokta akasema, na alisema kwa shida, "mfupa ni wa mama. Mpagazi hana haki ya kuuzuia. Mimi sina haki ya kushauri. Jumanne saa mbili asubuhi, mje wote."

Mihayo alisimama. Akamgeukia Bi. Skolastika, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema, akatoka.

Bi. Skolastika alibaki pale kwenye kiti. Miaka kumi na tisa wanajuana. Kamwita mchawi, kamwita kibogoyo, kamwita bibi harusi wa chifu. Shikamoo hajawahi kumpa.

*

Siku zile zilizofuata mama wa watu hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anasahau alisimamia nini.

Kazi yake ilikuwa kuonja asali pale ushirika wa warina asali. Siku hizi asali feki inatengenezwa na wajanja mpaka mashine inadanganyika, lakini mtu aliyezaliwa na ulimi hadanganyiki. Ila asali ya kweli huionji kwa ncha ya ulimi. Unatafuna sega, unalikandamiza kwa magego, nta inapasuka, ndipo unajua hii ni ya mti gani na nyuki walikuwa na njaa au walishiba. Toka kakatwa taya, ushirika ulimpa kiti mlangoni awe ananusa tu. Watu wanampitia wanamwamkia kama wanaamkia picha ukutani.

Nyumbani alikuwa na sanamu ya taya lake, ya plasta, Dokta alimpa siku ya kwanza ili alizoee. Wiki hiyo alikuwa analishika, analiweka usoni mbele ya kioo, chini ya kitenge, anatazama jinsi uso unavyojaa. Anageuka kushoto, anageuka kulia. Ni langu, anasema moyoni. Picha ni zangu, mbegu zangu, nyonga ilitobolewa yangu. Sikumwambia aumwe. Kwani mimi ndiye niliyempindisha damu?

Halafu anaondoa sanamu, uso unaanguka, na anakumbuka alivyopiga paja kwa kucheka.

Alikuwa anamngoja Mihayo aje. Hilo ndilo lilimmaliza. Alitaka aje na makelele yake, apige mlango, aseme "taya langu silitoi, Mngoni, nenda kaombe Songea!" Angepata mtu wa kugombana naye. Mtani akija kuchukua kitu chako unapiga kelele, unamfukuza, unashindwa, mnacheka, basi kaondoka nacho na hakuna aliyedhulumiwa. Lakini Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Ijumaa mama alisikia hodi, akakimbia na udenda unamtiririka, kumbe jirani anaomba chumvi.

Jumamosi asubuhi akafunga kitenge vizuri, akaenda mwenyewe.

Mihayo alikuwa anajenga ukuta wa choo. Anabeba matofali sita sita, mgongo umevimba upande mmoja, anatembea kama kijana. Mke wake Kalunde alikuwa amekaa kwenye mkeka anabangua karanga. Alimkaribisha mgeni, akampa kigoda, akarudi kwenye karanga zake. Kalunde hakuwa mtu wa maneno mengi. Yalishasemwa yote na mumewe.

"Shikamoo, mama," Mihayo akasema tena, kaweka matofali chini.

Bi. Skolastika akakoroma: shikamoo ya nini, mbwa wewe, umekuja kunizika?

"Naomba usinisalimie hivyo," kisemeo kikasema. "Kunanihuzunisha."

Kwa mara ya kwanza kile kisanduku kilikuwa kimesema kweli kuliko yeye mwenyewe. Mama akakipiga kofi.

"Mbona hunitanii?" akauliza.

Mihayo alijifuta mikono kwenye suruali, akachuchumaa.

"Nitakutania vipi?" akasema. "Nikisema taya langu, utaninyima? Mtani hanyimwi. Zamani nilikuwa nasema kwa sababu haiwezekani, taya lako nitalipeleka wapi, sina hata pa kulivaa. Sasa inawezekana. Nikilitamka nitakuwa nimekupora kwa mdomo, nawe utaniachia kwa aibu. Huo si utani, mama. Huo ni wizi."

"Na ukilitoa?"

"Nalitoa. Babu zangu unaowasema kila siku, hakuna aliyekimbilia porini na mzigo wa mtu. Waliufikisha. Mimi nitakuwa wa kwanza?"

"Nimekuuliza ukilitoa, wewe utakuwaje?"

"Nitakuwa kama nilivyokuwa. Nilikuwepo miaka thelathini na saba, si ndiyo?" Akainuka, akachukua matofali yake. "Jumanne usinywe uji. Dokta kasema uje na tumbo tupu."

Alipozunguka nyuma ya ukuta, Kalunde akasema bila kuinua macho, vidole vinabangua tu, "Dada, mimi siombi kitu. Sheria naijua."

"Sema."

"Alikuwa akipatwa ananiambia nimkalie miguu. Nimkalie kabisa, na uzito wangu wote, ili maumivu yasiende mbele. Ndoa yetu miaka kumi na moja, mimi nimemkalia mume wangu miguu. Mwaka huu nimelala naye kama watu." Akapuliza maganda. "Basi. Chukua karanga." Halafu akakumbuka anayemwambia ni nani, mkono ukabaki hewani, akaona haya mpaka macho yakamjaa.

Bi. Skolastika alipokea karanga hizo hizo, akazifumbata kiganjani njia nzima mpaka nyumbani.

*

Jumanne alienda kulichukua taya lake. Hilo lisemwe wazi, asije mtu akafikiri alikuwa malaika. Jumatatu kutwa alilia, alisali, akaamua. Tumbo tupu, kucha kakata, gauni la upasuaji kavaa mwenyewe bila kusaidiwa. Alijiambia, nina miaka mingapi imebaki? Kumi? Nitaikaa mlangoni nikinusa? Yeye kaishi na ugonjwa wake toka azaliwe, anaujua. Mimi hili la kwangu silijui, sitalizoea.

Vitanda viwili sambamba. Mihayo kifudifudi, uso ndani ya kile kitundu cha kitanda, haoni kitu zaidi ya sakafu. Kalunde kabaki nje kwenye benchi la korido.

Kuna jambo linafanyika kabla ya kisu, linaitwa kuutambua mzigo. Miaka ya nyuma mifupa iliwahi kubadilishana, mtu kaamka na paja la mwenzake, kesi ikavuma nchi nzima. Toka hapo picha inawashwa juu ya mgongo wa mpagazi, mpagazi anakabidhi kwa mdomo wake, na mwenye mfupa anatakiwa kutazama na kukiri ni wake. Anaulizwa mara tatu. Mzigo ukikosa mwenyewe, unabaki ulipo, na faili linafungwa. Kwa kawaida yote haichukui hata dakika mbili, watu wanaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, wanalazwa.

"Mpagazi," Dokta akaita.

Sauti ya Mihayo ikatokea chini, toka kwenye kitundu. "Mzigo umefika. Haujadondoka njiani. Namkabidhi mama yangu." Na pale kwenye "mama yangu" sauti ikayumba, akaikohoa.

Taya likawaka hewani. Jeupe, zima, na kile kishimo kidogo cha kidevu ambacho Skolastika alirithi kwa baba yake. Mashine ikasema yenyewe, ulinganifu asilimia tisini na tisa.

"Mwenye mzigo. Huu ni mfupa wako?"

Alifungua koo kusema ndiyo. Alitazama taya, akatazama mgongo chini yake. Kulikuwa na alama za zamani za chale, ndogo ndogo, pande zote za uti wa mgongo, nyingi mno. Huko nyuma aliziona kila mwezi akadhani urembo wa Kinyamwezi, hata aliwahi kumtania nazo. Leo ndiyo alielewa. Pale watu walikuwa wanamchanja mtoto wakitafuta maumivu yalipojificha. Wamechanja hapa, hayapo, wamechanja pale.

Akakoroma kitu. Kisemeo kikasema kwa adabu zake zote, "Hapana. Samahani. Taya hili si langu."

Dokta akageuka. "Mama?"

"Kidevu cha kwetu hakiko hivyo. Hili limekaa Kinyamwezi. Ni baya."

Mihayo alitaka kuinuka, mikanda ikamrudisha. "Mama, usifanye hivyo! Dokta, usimsikilize, anatania! Huyu ni mtani wangu, anatania!"

Dokta Anyisile alikuja mpaka karibu, akainama usawa wa macho. "Mama Skolastika, mimi nina kalamu hapa. Nikiandika, sifuti. Uso wako hautangoja. Unanielewa? Nauliza mara ya pili. Huu ni mfupa wako?"

"Si wangu."

"Mwongo!" Mihayo akapiga kelele sakafuni. "Mngoni mwongo wewe!"

"Mara ya tatu. Huu ni mfupa wako?"

Na hapo ndipo koo lilipomkataa. Lilikuwa linacheza ovyo, kulia na kusema vimechanganyikana, kisemeo kikashindwa kukisia.

"Sijakuelewa," kikasema. "Tafadhali rudia."

Kila mtu akasubiri. Lile lilikuwa dirisha, na Bi. Skolastika aliliona liko wazi. Angesema ndiyo, hakuna ambaye angemlaumu, hata Mihayo angefurahi. Akawaza sega la asali linavyopasuka chini ya gego, utamu unavyokwenda mpaka masikioni. Alilitafuna lote kichwani mwake, mpaka nta.

Akakivua kisemeo shingoni, akakiweka kitandani. Akamtazama daktari usoni, akatikisa kichwa. Kushoto, kulia, polepole, ili asije mtu akasema hakuona.

Dokta akaandika. Taya likazimika hewani.

Mgongo wa Mihayo ulikuwa unaruka ruka, na hakuna aliyeweza kusema kama anacheka au analia. Toka chini ya kitanda matusi yakaanza kumtoka, mazito, ya Kiswahili na ya Kinyamwezi, ya ukoo mzima wa Luambano toka huko walikotoka na ngao zao, na yalikuwa hayaishi. Bi. Skolastika akaegemea ukuta akiyasikiliza. Alitamani kuyajibu na hakuwa na cha kujibia.

Akasukuma mlango, akatoka koridoni vile vile na gauni la upasuaji.

Sasa Kalunde alikuwa kaambiwa kazi itachukua saa tisa nzima. Hazijapita dakika kumi na tano, anaona mlango unafunguliwa na mama anatoka peke yake, kwa miguu yake, macho mekundu. Atafikiri nini? Akasimama. Karanga alizokuja nazo zikamwagika korido nzima.

"Kafa," akasema. "Mume wangu kafa."

Bi. Skolastika akatikisa kichwa kwa nguvu. Alitaka kusema, shingoni hakuna kisemeo, kakiacha ndani. Alijaribu kwa ulimi wake, likatoka bubujiko la mate na sauti isiyo na sura, na Kalunde kuisikia ile akazidi kuogopa, akaanza kupiga yowe, wauguzi wakatoa vichwa milangoni.

Basi mama akamshika. Akamshika mkono wa kulia, akaufungua vidole kimoja kimoja kwa nguvu kama unavyomfungua mtoto aliyeficha kitu. Akaupeleka usoni kwake, chini ya kitenge, pale kwenye utupu, akaukandamiza hapo mpaka kiganja kikazama.

Kalunde akapapasa. Hakuna kilichowekwa. Akapapasa tena upande wa pili, kwa vidole vyote, haraka haraka, hapakuwa na mshono wala bandeji.

Yowe likamkatikia kooni. Akautazama mlango, akamtazama mama, akakaa sakafuni katikati ya karanga, mama akashuka naye, na Kalunde mkono wake hakuutoa.